Kula Ukiwa na Saratani ya Kongosho: Mwongozo kwa Mgonjwa na Anayempikia

Wagonjwa wapya wa saratani ya kongosho, na zaidi yao wale wanaowapikia, huuliza maswali yaleyale: ale nini, aache nini, kwa nini anakula na bado anakonda, na kwa nini choo chake kimebadilika rangi na harufu. Nilipoanza kumuuguza shangazi yangu niliyauliza yote, na kila mtu akanipa jibu lake. Jirani mmoja alisema tuache mafuta kabisa, mwingine akasema tuache sukari, wa tatu akaleta kifurushi cha majani ya mstafeli. Sisi tukawasikiliza wote watatu kwa wakati mmoja, na kufikia mwezi wa pili shangazi alikuwa anakula uji mwepesi na mboga za kuchemsha tu, huku nguo zikimpwaya. Mwongozo huu unafuata njia iliyo kinyume na hiyo, yaani chakula kibaki mezani, na mwili usaidiwe kukisaga.

Maelezo haya ni ya mtu mzima anayeweza kula kwa mdomo. Ikiwa mgonjwa amefanyiwa upasuaji ndani ya wiki chache zilizopita, ana kisukari kinachotibiwa kwa insulini, au ameambiwa kuwa utumbo wake umeziba, zungumza kwanza na daktari wake au mtaalamu wa lishe wa hospitali kabla ya kubadilisha lolote.

Nadharia inayohitajika ni ndogo. Kongosho hutengeneza insulini, na pia hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja mafuta, protini na wanga. Uvimbe ukiziba mfereji wa kongosho, au sehemu ya kongosho ikiondolewa kwa upasuaji, vimeng'enya hivyo havifiki vya kutosha kwenye utumbo mwembamba, na chakula hupita bila kusagwa. Mafuta ndiyo yanayoshindikana mapema zaidi, na yanapopotea hupotea pamoja na vitamini A, D, E na K. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kula vizuri na bado akapungua uzito.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari moja na kalamu, vikae mahali pamoja na dawa.
- Mizani ya kupimia uzito, au makubaliano na zahanati iliyo karibu kwamba mtapima huko kila wiki, kwa mizani ileile.
- Kipimajoto, na kipima sukari ikiwa mgonjwa ana kisukari au ameambiwa sukari yake inapanda.
- Orodha ya dawa zote anazotumia, zikiwemo za kienyeji. Msizifiche, kwa sababu baadhi huligusa ini, nalo ini ndilo linaloshughulikia dawa nyingi za hospitali.
- Sahani ndogo, bakuli ndogo na chupa ya chai. Sahani kubwa iliyojaa humkatisha tamaa mtu asiye na hamu ya kula hata kabla hajaonja.
- Dawa ya vimeng'enya vya kongosho, ambayo hutolewa kwa cheti cha daktari. Hatua ya pili inaeleza namna ya kuiomba.

Hatua ya 1: Chunguza choo kwa siku tatu

Jambo hili watu huliona aibu kulizungumza, lakini hakuna taarifa nyingine ya nyumbani inayomsaidia daktari kama hii. Choo kinachoonyesha kuwa mafuta hayasagwi huwa kingi, chenye rangi ya udongo au manjano iliyofifia, kinanuka kuliko kawaida, kinang'aa kwa mafuta, kinaelea na hakiondoki kwa maji ya mara moja. Tatizo ni kwamba familia nyingi zinatumia choo cha shimo, ambako hakuna kinachoonekana. Katika hali hiyo mgonjwa atumie beseni au ndoo maalumu yenye maji kidogo kwa siku hizo tatu, au angalau aangalie kama karatasi au maji ya kuchambia yanaacha utando wa mafuta.

Andika katika daftari idadi ya mara, rangi, kama kuna gesi na msokoto wa tumbo, na chakula kilicholiwa kabla ya hapo. Ikiwa choo ni cheupe kama chokaa, mkojo una rangi ya chai kavu, na macho yamekuwa ya manjano, hilo si suala la chakula tena. Inawezekana mrija wa nyongo umeziba, na mgonjwa anatakiwa kwenda hospitali, ambako mara nyingi huwekewa kimrija cha kuuzibua.

Hatua ya 2: Omba vimeng'enya kwa kuvitaja

Usingoje hadi daktari alikumbuke jambo hili mwenyewe. Kliniki ina msongamano, mazungumzo huishia kwenye matibabu ya saratani na maumivu, na choo hakitajwi. Nenda na daftari lako, kisha sema wazi: "Anapungua uzito ingawa anakula, choo chake kina mafuta, je, anahitaji vimeng'enya vya kongosho?" Kwa shangazi yangu, swali hilo moja lilichelewa miezi miwili kwa sababu hatukujua kuwa lipo.

Dawa hii huja katika kapsuli zenye chembechembe ndogo ndani. Namba iliyoandikwa kwenye kopo, kwa mfano 10,000 au 25,000, ni kiasi cha kimeng'enya cha mafuta kinachoitwa lipasi. Miongozo ya tiba ya Uingereza huanzia yuniti 50,000 kwa mlo kamili na yuniti 25,000 kwa kitafunwa, kisha kiwango huongezwa kulingana na choo na uzito. Kwa hiyo mtu aliyepewa kapsuli moja ya 10,000 kwa mlo mzima wa wali na nyama, akaona hakuna mabadiliko, asihitimishe kuwa dawa haifanyi kazi. Huenda kiwango chake ni kidogo, na hilo ni la kurudi kumwambia daktari.

Kwa wasomaji Waislamu: vimeng'enya hivi hutengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe, na ni vizuri mlijue hilo mapema kuliko kuligundua mmeshafungua kopo. Zungumzeni na sheikh mnayemwamini, mkimweleza kwamba ni tiba na kwamba daktari hana badala yake ya kutosha. Suala la dharura limegusiwa katika Qur'ani yenyewe, sura ya Al-Baqara, aya ya 173. Nimeona familia ikiziacha kapsuli kimyakimya bila kumwambia yeyote, daktari akaendelea kuongeza kiwango cha dawa isiyomezwa.

Dawa hii haipatikani katika kila duka la dawa, na bei yake ni nzito. Agiza kabla kopo halijaisha. Vidonge vya kusaidia mmeng'enyo vinavyouzwa bila cheti kwa kawaida vina vimeng'enya vichache mno kwa kazi hii. Papai nalo ni tunda zuri na laini, ila kimeng'enya chake huvunja protini, hakigusi mafuta.

Hatua ya 3: Meza kapsuli pamoja na chakula, si kabla wala baada

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Vimeng'enya havina kazi tumboni pasipo chakula. Vinapaswa kuchanganyika nacho kikiwa njiani, kama ambavyo kongosho lenyewe lingefanya.

Meza kapsuli ya kwanza na tonge la kwanza. Ikiwa mmeagizwa zaidi ya moja, zigawe: nusu mwanzoni, nusu katikati ya mlo. Meza kwa maji baridi au ya uvuguvugu mdogo. Usimeze kwa chai ya moto, na usinyunyize chembechembe juu ya uji wa moto au supu inayofuka mvuke, kwa sababu joto huviua vimeng'enya. Kosa hili ni la kawaida mno kwetu, kwa kuwa kifungua kinywa chetu karibu chote ni cha moto.

Kapsuli isitafunwe wala kusagwa. Mgonjwa asiyeweza kuimeza anaweza kuifungua na kuchanganya chembechembe na kijiko cha chakula laini chenye uchachu, kama mtindi au tofaa lililopondwa, akameza papo hapo bila kutafuna, kisha akasukutua kwa maji. Chembechembe zikibaki kwenye fizi husababisha vidonda vya mdomo.

Ukisahau, na bado unakula, meza sasa hivi. Ikiwa umeshamaliza kula zaidi ya nusu saa iliyopita, acha, subiri mlo unaofuata.

Swali linalofuata huwa ni chakula kipi kinahitaji kapsuli. Maji, chai ya rangi, juisi, soda na matunda matupu, ukiacha parachichi, havihitaji. Karibu vingine vyote vinahitaji, na uzoefu unaonyesha kuwa watu husahau zaidi vile wanavyovihesabu kuwa vyepesi: kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, uji wa lishe wenye karanga na soya, mtori, mtindi, andazi moja la saa nne, na maziwa ya unga ya lishe yanayotolewa hospitalini. Uji wa lishe hasa huwapotosha watu. Unaitwa chakula cha mgonjwa, unanyweka, kwa hiyo mtu anadhani tumbo halina kazi nao; kumbe ukishatiwa siagi ya karanga na maziwa una mafuta kuliko sahani ya ugali na mchicha.

Kopo likae mahali pakavu na penye ubaridi. Lebo nyingi huagiza joto lisizidi nyuzi 25. Kwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hilo ni jambo la kupanga. Lisikae kwenye rafu iliyo juu ya jiko, dirishani, wala ndani ya gari. Muulize mfamasia kama aina mliyopewa inaweza kuwekwa kwenye friji. Ukisafiri, chukua kapsuli za siku hiyo tu.

Hatua ya 4: Gawanya siku katika milo midogo

Milo mitatu mikubwa humshinda mgonjwa huyu. Tumbo hujaa baada ya matonge machache, na chakula hukaa tumboni muda mrefu. Badala yake mpe kitu kidogo kila baada ya saa mbili hadi tatu, bila kungoja njaa, kwa kuwa njaa inaweza isije kabisa. Siku ya mfano: uji saa moja asubuhi, yai na kipande cha mkate saa nne, wali kidogo na samaki saa saba, mtindi na ndizi mbivu saa kumi, mtori saa moja jioni, na maziwa kabla ya kulala. Mgonjwa mwenye hamu zaidi asubuhi apewe chakula kizito asubuhi. Hakuna sheria kwamba wali ni wa mchana.

Maji na vinywaji anywe zaidi kati ya mlo na mlo, kwa sababu bilauri ya maji kabla ya kula huchukua nafasi ya chakula. Baada ya kula akae wima au ameegemea mto kwa nusu saa hivi.

Anayeuguza naye ajizuie kumshurutisha. "Kula basi kidogo tu" inayorudiwa mara kumi hugeuza kila mlo kuwa ugomvi. Weka bakuli, kaa naye, zungumza mengine, ondoa bakuli.

Hatua ya 5: Ongeza nguvu bila kuongeza wingi

Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au protini hutoa 4. Kwa mtu anayeweza kula nusu bakuli tu, mafuta ni rafiki, mradi vimeng'enya viko sawa. Kuyaondoa kabisa, kama tulivyofanya sisi, ni kumnyima chakula chenye nguvu kuliko vyote. Isipokuwa daktari ameagiza vinginevyo, usipunguze mafuta, rekebisha vimeng'enya.

Namna ya kuimarisha vyakula tulivyovizoea ni kama ifuatavyo.

Uji: upike kwa maziwa badala ya maji, kisha kwa kila kikombe tia kijiko kikubwa kimoja cha siagi ya karanga na kijiko kimoja cha maziwa ya unga. Chagua karanga safi. Zilizosinyaa au zenye ukungu zitupwe zote, kwa sababu ya sumukuvu.

Mtori au supu ya viazi: ponda ndizi na nyama hadi ziwe laini, ongeza siagi au tui zito la nazi mwishoni.

Wali, viazi na maboga: pika kwa tui, au changanya kijiko cha mafuta baada ya kuiva. Parachichi lililopondwa na chumvi kidogo huliwa hata siku ambayo nyama haipiti.

Protini: mayai yaliyoiva vizuri, samaki asiye na miiba, kuku aliyechambuliwa, dagaa waliosagwa wakachanganywa kwenye mchuzi. Maharage na kunde ni vizuri, ila huleta gesi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, pika hadi yavurugike, na anza na vijiko vichache.

Kuhusu dona nitasema jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Unga usiokobolewa ni bora kwa watu wazima wenye afya, lakini kwa mgonjwa anayekonda na anayejaa haraka, nyuzinyuzi nyingi huchukua nafasi tumboni na kuongeza gesi. Mpe sembe, wali mweupe na mkate mweupe bila kujilaumu. Kisamvu na matembele avipate kwa kiasi kidogo, vilivyopikwa vikalainika.

Anayepata tibakemikali ana kinga dhaifu. Maziwa yachemshwe, nyama na mayai viive kabisa, matunda yamenywe nyumbani, na kachumbari ya mgahawani iachwe.

Hatua ya 6: Angalia sukari

Kongosho lililoharibika linaweza kuleta kisukari, hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nacho. Kiu kali, kukojoa mara kwa mara na uchovu wa ghafla ni sababu ya kupima. Ni vizuri kujua pia kwamba mgonjwa anapoanza vimeng'enya, chakula huanza kuingia mwilini vizuri zaidi na sukari yake inaweza kupanda. Dawa hurekebishwa, chakula hakipunguzwi.

Kwa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, hatari kubwa zaidi ni sukari kushuka pale anapochoma dawa kisha akashindwa kula. Akitetemeka, akatoka jasho jingi au akachanganyikiwa, mpime. Ikiwa ni chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), mpe vijiko vya chai vinne vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au bilauri ndogo ya soda yenye sukari, mpime tena baada ya dakika 15, kisha ale kitu. Asiyeweza kumeza asipewe chochote kwa mdomo, mkimbize hospitali.

Dhana kwamba sukari ndiyo inayolisha saratani na kwamba kuiacha kutaiua kwa njaa haina msingi. Kinachokufa njaa mapema ni mgonjwa. Funga ya tiba nayo iachwe, na mwezi wa Ramadhani mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga.

Hatua ya 7: Pima uzito kila wiki, uandike

Siku ileile ya wiki, saa ileile, nguo nyepesi. Miguu au tumbo likijaa maji, uzito unaweza kupanda huku nyama ya mwili ikipungua, kwa hiyo andika pia kama pete imelegea na kama mikono imekonda.

Mambo yasipokwenda sawa

*Choo bado kina mafuta ingawa anameza kapsuli.* Hakikisha kwanza anazimeza na tonge la kwanza, si mwisho wa mlo, na kwamba hazikuungua kwa joto. Kama yote ni sawa, kiwango kiongezwe na daktari. Daktari anaweza pia kuongeza dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kama omeprazoli, kwa sababu asidi nyingi huharibu vimeng'enya.

*Dawa haipatikani kwa sasa.* Hapa pekee ndipo ninapokubali kupunguza vyakula vya kukaanga kwa muda. Mafuta yagawanywe kidogo kidogo katika milo yote, na tegemea zaidi wali, viazi, ndizi, samaki na mayai, hadi kopo lipatikane.

*Gesi na kuvimbiwa.* Punguza kwa siku chache maharage, kabichi, soda na maziwa. Mtindi mara nyingi huvumilika zaidi kuliko maziwa. Gesi pia ni dalili ya vimeng'enya pungufu.

*Hafungui choo.* Morfini, iwe ya maji au ya vidonge, hupunguza mwendo wa utumbo, na kwa kawaida huandikwa pamoja na dawa ya kulainisha choo. Kama haikuandikwa, iulizie. Mtu aliyekaa siku kadhaa bila choo kisha akaanza kutoa majimaji huenda bado amefunga choo, na majimaji yanapita pembeni. Asipewe dawa ya kuzuia kuharisha bila ushauri.

*Kichefuchefu.* Dawa ya kichefuchefu imezwe nusu saa kabla ya kula. Pika mbali na chumba chake, mpe chakula kilichopoa, kwa kuwa harufu hupanda na mvuke. Chai ya tangawizi isiyo kali huwasaidia wengine.

*Kila kitu kina ladha ya chuma, au mdomo una vidonda.* Tumia vijiko vya plastiki au mbao, sukutua kwa maji yenye chumvi kidogo kabla ya kula, jaribu ndimu au ukwaju kama hakuna vidonda. Utando mweupe mdomoni unaweza kuwa fangasi, na una dawa yake.

*Anatapika chakula alichokula saa nyingi zilizopita.* Hii si kichefuchefu cha kawaida. Mlango wa tumbo unaweza kuwa umebanwa na uvimbe. Acha vyakula vigumu, mpe vinywaji kidogo kidogo, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Nendeni pia bila kungoja kliniki ikiwa kuna homa ya nyuzi 38 au zaidi, hasa wakati wa tibakemikali au pamoja na macho ya manjano na kutetemeka kwa baridi. Choo cheusi kama lami au damu. Tumbo lililojaa na kuuma huku hatoi choo wala hewa. Au kushindwa kushika hata maji kwa siku nzima. Chukueni daftari, makopo ya dawa zote na kadi ya kliniki, na mwelezeni anayempokea kwamba mgonjwa ana saratani ya kongosho, na kama amewekewa kimrija cha nyongo, kiliwekwa lini.